Tunapobishana Kuhusu Ujamaa, Tunabishana Kuhusu Upi?

Kila ifikapo Oktoba, siku chache kabla ya kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Julius Nyerere, ubishi ule ule hurudi vijiweni hapa Mwanza. Mwaka jana niliusikia kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Mwaloni Kirumba, mahali ambapo harufu ya dagaa haimwachi mtu hata ajipake marashi ya namna gani. Kijana mmoja anayebeba magunia pale alisema kwamba nchi ingerudi kwenye ujamaa, kazi zisingekuwa za kujuana. Mzee mmoja mkulima wa Misungwi, aliyekuwa amekuja mjini kwa shughuli zake, akamjibu kwamba yeye hataki hata kulisikia neno hilo, kwa sababu mwaka 1974 nyumba ya baba yake iliezuliwa ili familia ihamie kijijini. Mwenye duka la vipuri, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akataka kuamua ugomvi: ujamaa ulikwisha zamani, akasema, hakuna anayeufuata, na wao wawili walikuwa wanagombania maiti.

Nilikunywa kahawa yangu nikitambua kwamba kila mmoja wao alikuwa na hoja, na kwamba hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja. Kijana alikuwa na wazo kichwani. Mzee alikuwa na tukio alilolishuhudia kwa macho yake. Mwenye duka alikuwa na mfumo wa uchumi ambao kweli ulibadilishwa. Vitu hivi vitatu vimebeba jina moja kwa miongo mingi, na mpaka vitenganishwe, mabishano yetu yataendelea kuwa kama ya watu wanaopigana huku kila mmoja amefumba macho.

Tuanze na neno lenyewe, ambalo ni la zamani kuliko siasa. Jamaa ni mtu wa kwenu, na ujamaa ni ule uhusiano wa watu wa nyumba moja au ukoo mmoja. Mwalimu hakulitunga, alilichukua jikoni akaliingiza kwenye siasa. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru wa Desemba 1961, alijiuzulu uwaziri mkuu ili akiimarishe chama cha TANU, na Aprili ya mwaka huo akatoa andiko fupi lililoueleza ujamaa kuwa msingi wa siasa ya Kiafrika. Hoja kuu ya andiko hilo huwashangaza wanaoisoma kwa mara ya kwanza, kwa sababu halianzi na viwanda wala mashamba. Linasema ujamaa ni hali ya moyo. Kwa maana hiyo maskini anaweza kuwa na roho ya kinyonyaji, anayesubiri tu siku yake ifike, na mwenye mali anaweza kuwa mjamaa iwapo mali yake haitumii kuwatawala wenzake.

Mfano alioutegemea ni wa familia ya zamani, ambamo hapakuwa na mtu aliyelala njaa wakati ghala la ndugu yake limejaa. Lakini katika andiko hilo hilo alikumbusha methali ambayo wengi wanaotetea ujamaa wa mezani hupenda kuiruka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Familia hiyo ilimlisha kila mtu kwa sababu kila mtu aliyeweza kufanya kazi alifanya kazi. Haki ya kula na wajibu wa kulima vilikuwa kitu kimoja, na mtu aliyetaka kimoja bila kingine aliitwa kwa jina lake, mnyonyaji, awe bwana mkubwa au awe mjomba anayehamia kwako akisingizia mgongo.

Wapo wanaodai kwamba familia hiyo ya amani haikuwahi kuwepo. Wana haki ya kuuliza. Usukumani kulikuwa na watemi waliopokea sehemu ya mavuno ya raia wao, na Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki, kabla ya serikali yake kuufuta uchifu mwaka 1963. Hata hivyo hakuipaka familia ya kale rangi ya asali kama inavyosemwa. Katika andiko lake la Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini alitaja kasoro mbili za maisha hayo waziwazi: umaskini, na nafasi duni aliyopewa mwanamke. Alichotaka kubeba kutoka zamani ni kanuni ya kugawana na kufanya kazi, na hizo kasoro mbili alitaka zibaki nyuma.

Huo ndio ujamaa wa kwanza, ujamaa kama imani. Wa pili ni ujamaa kama sera ya nchi, na tarehe yake inajulikana. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Kesho yake benki zikataifishwa, na hapo ndipo ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Azimio lilisema kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wafanyakazi na wakulima kupitia serikali yao na vyama vyao vya ushirika, na likazitaja: ardhi, misitu, madini, maji, umeme, mawasiliano, benki, bima, biashara ya nje na ya jumla, na viwanda vikubwa vya aina fulani.

Maneno "njia kuu za uchumi" yamewasumbua watu wengi, na ndiyo yaliyozaa uvumi kwamba ujamaa ni kunyang'anywa hadi kuku. Anayetaka kuyaelewa asiende mbali, ashuke ufukweni alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi. Mtumbwi, nyavu, mashine na taa ni vya mtu mmoja, ambaye huku ziwani huitwa tajiri hata kama anadaiwa kila kona. Wavuvi waliokesha usiku wa giza wamechangia mikono na usingizi wao. Dagaa wakishauzwa, gharama za mafuta na chakula hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa baina ya tajiri na wavuvi kwa kiwango walichokubaliana. Hakuna anayemwuliza mvuvi kuhusu sufuria yake, baiskeli yake au nyumba yake ya bati pale Igombe, kwa kuwa vitu hivyo havimwezeshi kumtawala mtu. Mtumbwi unamwezesha. Mwenye mtumbwi huamua nani aende ziwani na nani abaki nchi kavu, na zaidi ya yote, yeye ndiye anayeandika hesabu ya gharama zile zinazotolewa kwanza. Azimio lilikuwa linaulizia mitumbwi ya taifa, na sufuria za watu halikuzigusa.

Mtu anaweza kukubaliana na swali hilo na bado asilikubali jibu. Jibu la Azimio lilikuwa kwamba mtumbwi uwe wa wote, na wote wawakilishwe na serikali. Kwa maoni yangu hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu swali la nani anaandika hesabu halikuisha, lilihamia ofisini tu. Shirika la umma likipata hasara, mkulima wa Kwimba aliyeambiwa kwamba ni mali yake hakuwa na dirisha la kuchungulia daftari. Mwaka 1971 ilipotungwa sheria ya kutwaa majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa, nyumba za ghorofa katikati ya miji, zikiwemo za hapa Mwanza, zikawa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Wapo waliopata chumba cha bei nafuu. Wapo pia walioyaona majengo hayo yakichakaa rangi mwaka hadi mwaka bila mtu wa kumlalamikia.

Sambamba na ujamaa, Azimio lilikuwa na neno la pili ambalo nadhani ndilo linaloeleweka vibaya zaidi siku hizi: kujitegemea. Wengi huliona kama kufunga mlango, kukataa mikopo, kukataa wageni, kukataa kila kitu cha nje. Historia yenyewe inakanusha hilo, maana Tanzania ya miaka ya 1970 ilipokea misaada mingi, kutoka nchi za Skandinavia hadi Benki ya Dunia. Mfano wa karibu na sisi ni mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya kandokando ya ziwa kwa msaada wa UNESCO. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi, yaani walisoma habari za kazi waliyoiacha asubuhi. Fedha zilitoka nje, lakini kilichofundishwa kilikuwa cha hapa, na waliofaidika walikuwa wa hapa.

Kutegemea ni jambo jingine. Turudi ufukweni. Mvuvi wa sangara asiye na mtaji hupewa mashine na nyavu kwa mkopo na wakala anayenunua samaki kwa niaba ya kiwanda. Deni hilo halina riba ya kutisha kwenye karatasi. Sharti lake ni dogo tu: samaki wote auziwe wakala huyo, kwa bei atakayoitaja wakala huyo. Mvuvi wa namna hiyo ana mashine mpya kabisa, na anaonekana amepiga hatua kumzidi jirani yake anayepiga kasia, lakini bei ikishuka hana pa kupeleka samaki wake. Kosa la mvuvi halimo katika kukopa, limo katika kukopa kwa namna inayomwondolea uamuzi wa kesho. Azimio liliihofia hali hiyo kwa nchi nzima, likasema fedha haziwezi kuwa msingi wa maendeleo na kwamba, ili tuendelee, tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watoto wa shule walivikariri vitu hivyo vinne kama sala. Kukariri si kuelewa, lakini ni heri mtoto aliyekariri hivyo kuliko aliyekariri kwamba maendeleo huletwa na mfadhili.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, urefu wake ukiwa takribani kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, serikali ilieleza kwamba limejengwa kwa fedha za ndani, na watu wengi wakasema huko ndiko kujitegemea kwenyewe. Ni sehemu yake, na mtu aliyewahi kulala Kigongo akisubiri kivuko huku mgonjwa wake yuko kwenye gari hawezi kulibeza daraja hilo. Lakini Azimio lingeuliza swali la pili, ambalo husahaulika bendera zikishashushwa: lori linalovuka kutoka Sengerema limebeba nini? Likibeba pamba iliyochambuliwa tu, iende kusokotwa nyuzi nchi nyingine na irudi kama kitenge, basi barabara ni yetu na safari ni ya mwingine. Mwanza ilikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, Mwatex, na wazee wa Igoma wanaikumbuka ile zamu ya usiku iliyokuwa ikijaza barabara watu.

Kwa kuwa tumeshazigusa kazi za watu, niondoe uzushi mmoja. Husemwa kwamba ujamaa uliwalea wavivu. Maandiko yake yanasema kinyume, tena kwa ukali ambao leo ungemletea mwanasiasa matatizo. Azimio lilitamka kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Asubuhi moja nikiwa Kayenze niliwaona akina mama wakianika dagaa juu ya chanja, wakiwageuza kwa mikono huku jua linawachoma mgongo, na chini ya mwembe wanaume kadhaa wakicheza bao. Kwa haki yao, huenda walikuwa wavuvi waliokesha. Huenda.

Sasa tufike kwenye sehemu ya Azimio ambayo kijana wa Mwaloni aliitamani bila kujua jina lake, nayo ni miiko ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali, kuanzia mbunge na waziri hadi mtumishi wa ngazi ya kati, alitakiwa asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalimfunga yeye pamoja na mwenzi wake wa ndoa, ili mali isihamie kwa mke au mume usiku ikarudi asubuhi.

Wengi huiona miiko hii kama wivu kwa wenye mali, jambo ambalo si sahihi, maana haikumhusu mfanyabiashara wa kawaida, ambaye miiko ilimwacha huru kupangisha nyumba zake ili mradi hatafuti uongozi. Fikiria mechi ya timu ya Pamba Jiji pale uwanja wa CCM Kirumba. Hakuna anayemkataza mtu kununua hisa za timu, na hakuna anayemkataza mtu kuwa mwamuzi. Lakini mwamuzi mwenye hisa katika mojawapo ya timu mbili zinazocheza, hata akichezesha kwa haki tupu, penalti yake ya dakika ya 89 haitaaminiwa na jukwaa zima. Mpenzi wa soka haelezwi jambo hilo mara mbili. Miiko ilisema mtu achague filimbi au hisa.

Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti hayo, na uamuzi huo ndio ulioitwa Azimio la Zanzibar. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atamke mali na madeni yake kwa Sekretarieti ya Maadili. Tofauti ya vipindi hivi viwili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Zamani mwamuzi alikatazwa hisa, sasa anaruhusiwa alimradi aandike kwenye fomu kwamba anazo. Yapo mazuri katika utaratibu wa sasa: ni wa kweli zaidi kuhusu mishahara ya watumishi, na ulizuia ule unafiki wa miradi iliyosajiliwa kwa majina ya wapwa. Hata hivyo, fomu ina maana pale tu ambapo mtu wa jukwaani anaweza kuisoma.

Nimechelewesha kwa makusudi ujamaa wa tatu, ule wa mzee wa Misungwi, kwa sababu ndio wenye maumivu na ndio unaotumika zaidi kuuzika ule wa kwanza. Andiko la 1967 lilisema vijiji vya ujamaa vijengwe kwa hiari, watu wenyewe waamue, kiongozi ashawishi kwa mfano wa kazi yake. Kuna waliofanya hivyo kweli. Huko Ruvuma vijiji kadhaa vilikuwa vimekwisha kujiunga katika chama chao hata kabla ya Azimio, vikilima pamoja na kujipangia mambo yao wenyewe, na chama hicho kikavunjwa kwa amri ya viongozi wa TANU mwaka 1969. Kisha, Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Mamilioni ya watu walihamishwa katika Operesheni Vijiji.

Usukumani amri hiyo iligusa mfumo mzima wa maisha. Kaya ya Kisukuma ilikuwa imejitenga, nyumba ikizungukwa na shamba lake na zizi lake, na samadi ya ng'ombe ikirudi kwenye udongo ule ule. Kuzipanga kaya hizo mstari mmoja kando ya barabara kulimaanisha kutembea mwendo mrefu kufika shambani, mifugo mingi kukusanyika kwenye maji machache, na kuni kutafutwa mbali zaidi kila mwaka. Mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa ili watu wasirudi. Ni kweli kwamba mwaka 1973 na 1974 ulikuwa na ukame, bei ya mafuta duniani ilipanda, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, vita ambayo watu wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa. Mambo hayo yote yaliubana uchumi. Lakini hakuna hata moja kati yake lililoezua nyumba ya baba yake yule mzee. Hiyo ilikuwa kazi ya amri, na aliyeandika neno hiari mwaka 1967 alikuwa rais mwaka 1973.

Vijiji vilevile vilileta shule na zahanati karibu na watu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na madarasa mengi yalijengwa kwa matofali waliyofyatua wanakijiji wenyewe. Mzee huyo huyo wa Misungwi, alipoulizwa alisomea wapi, alitaja shule ya kijiji kile alichohamishiwa. Hakuona kwamba anajipinga, nami sioni.

Jambo jingine lililofanywa kwa jina la ujamaa liliuumiza mkoa huu kuliko mingine, nalo lilihusu ushirika. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Dawa yao ya kwanza ilikuwa rahisi ajabu: waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kusimama sokoni na kuhakiki kilo kabla pamba haijamwagwa. Kutokana na vikundi hivyo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ukazaliwa mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, uliokua hadi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika na kumiliki viwanda vya kuchambua pamba. Huu ulikuwa ujamaa kabla neno halijaingia kwenye siasa. Haukuwa wa malaika, maana tume ya rais ya mwaka 1966 ilikuta wizi na upendeleo katika vyama vingi nchini. Lakini Mei 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za serikali. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1972, serikali za mitaa nazo zilikuwa zimefutwa.

Wanaosema kwamba Mwalimu hakuwahi kukiri kosa hawajui alichosema mwaka 1984, akiwa bado madarakani. Katika mahojiano alieleza kwamba kama angeanza upya, mambo mawili asingeyarudia: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ukiyatazama vizuri, mambo hayo mawili yana undugu. Vyote viwili vilikuwa vyombo ambavyo kupitia kwake mtu wa chini aliweza kuhoji hesabu bila kusafiri hadi Dar es Salaam. Wakati huo sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kuvirudisha vyama vya ushirika.

Na mwenye duka la vipuri je, aliyesema ujamaa ni maiti? Kwa upande wa uchumi hana kosa: benki binafsi zimejaa Barabara ya Nyerere hapa hapa mjini, na hakuna anayezionea ajabu. Kwa upande wa sheria amekosea. Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano bado inasema nchi yetu ni ya kidemokrasia na ya kijamaa, na ibara ya 9 inaitaka serikali ijenge taifa la watu walio sawa na huru kwa kufuata siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Kilichobadilika ni tafsiri. Katiba hiyo hiyo inaufafanua ujamaa kuwa ni misingi ya maisha inayozingatia demokrasia, kujitegemea, uhuru, haki, usawa, udugu na umoja. Benki hazimo wala viwanda havimo. Kwa hiyo kisheria tumerudi karibu na ule ujamaa wa 1962, ujamaa wa moyo, baada ya kupita kwenye ule wa mashirika na ule wa operesheni.

Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa takribani kilomita 200 wa siku kadhaa, kuja kwenye mkutano mkuu wa TANU. Azimio lilikuwa na miezi minane tu, na tayari hotuba yake pale mkutanoni ilibidi iwe ya kulifafanua. Mkanganyiko tunaouona vijiweni una umri sawa na Azimio lenyewe.

Juni iliyopita nilisindikiza ndugu yangu mmoja kupeleka pamba kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, kijijini kwao, upande wa Magu. Mzani ulikuwa wa kidijitali, umewekwa mezani, na kioo chake kimemwelekea katibu aliyekuwa akisoma kilo kwa sauti na kuandika. Watu walikuwa wamepanga foleni na viroba vyao, hakuna aliyelalamika, na sina sababu ya kudhani kwamba katibu alikuwa akisoma vibaya. Mama mmoja wa makamo, kiroba chake cha tatu kikiwa juu ya mzani, akasogea mbele akasema kwa adabu, "Samahani katibu, ugeuze kidogo huo mzani, na sisi tuuone." Katibu alimtazama kidogo. Kisha akaushika kwa mikono miwili, akaugeuza.